KOMPYUTA IKIJIFUNGIA, MGONJWA ASINGOJE

Ukurasa huu umezoea kuzungumza nanyi juu ya malaria, lishe ya watoto, shinikizo la damu na usafi wa maji. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie tukizungumzia kompyuta. Msishangae. Siku hizi kompyuta ipo mapokezi ya zahanati, ipo maabara, ipo dirisha la dawa, na ipo kwenye duka la steshenari ambako kijana wenu huenda kuombea mkopo wa chuo. Kompyuta ikigoma, anayeumia ni mtu.

Yaliyotokea asubuhi moja

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Julai, majira ambayo ukungu hushuka kutoka Mlima Meru na kukaa juu ya migomba hadi saa nne. Tulikuwa katika zahanati moja ya vijijini kwenye miteremko ya mlima huo. Milango ilifunguliwa saa moja na nusu, na benchi lilikuwa limekwisha kujaa. Mama mmoja kijana alikuwa na mtoto wa miezi 9 mgongoni, amemfunika kwa shuka. Mtoto alikuwa akikohoa na mwili wake ulikuwa wa moto.

Mhudumu wa mapokezi akawasha kompyuta. Kioo kikawa cha bluu, vidoti vikazunguka, na maandishi ya Kiingereza yakasema kwamba kazi imefika asilimia 12, na kwamba kompyuta isizimwe. Saa mbili ilikuwa asilimia 31. Saa mbili na nusu ilikuwa asilimia 64, kisha ikajizima yenyewe, ikawaka tena, ikaanza kuhesabu upya. Mzee mmoja aliyekuja kupima presha akaanza kufoka. Mhudumu naye, ambaye hakuwa na kosa aliloliona, akamjibu kwa ukali. Mama yule akasimama. Alisema heri arudi nyumbani akamkande mtoto kwa maji ya vuguvugu, aje kesho kompyuta ikiwa imepona.

Bahati njema muuguzi mmoja wa makamo alikuwa akipita kutoka chumba cha sindano. Yeye hakutazama kompyuta, alimtazama mtoto. Akamfunua kifua, akashika saa yake ya mkononi, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Zilikuwa 62. Mtoto wa umri wa miezi 2 hadi 11 anayekohoa, akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, huhesabiwa kuwa na nimonia. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5, kiwango ni mara 40 au zaidi. Kipimo cha haraka cha malaria kikafanywa pale pale: hana malaria. Jina likaandikwa kwenye daftari, na amoksilini ikatolewa. Kompyuta ilifunguka saa tatu kasorobo. Wakati huo mtoto alikuwa amekwisha kunywa dozi yake ya kwanza.

Tangu siku ile tumejiuliza maswali mawili. Kwanza, ile kompyuta ilikuwa ikifanya nini? Pili, kwa nini sisi sote pale tuliitazama kompyuta badala ya kumtazama mtoto?

Apdeti ni nini?

Kazi iliyokuwa ikifanyika ndani ya kompyuta ile wataalamu wa lugha huiita kusasisha. Vijana wetu huiita apdeti, na hapa tutatumia neno lao kwa kuwa ndilo linalosikika mitaani.

Kompyuta hufanya kazi kwa kufuata maagizo yaliyoandikwa na binadamu, nayo maagizo hayo ndiyo programu. Programu moja kubwa huwa na mistari mamilioni ya maagizo. Kama ilivyo kwa kazi yoyote ya mikono ya binadamu, makosa hayakosekani. Baadhi ya makosa huwa ni matundu ambayo mwizi aweza kupitia na kuingia ndani ya kompyuta. Tundu likigunduliwa, watengenezaji hushona kiraka na kukituma kwa njia ya intaneti kwa kila mwenye programu hiyo. Apdeti, basi, mara nyingi ni kiraka tu. Mara nyingine ni kiraka pamoja na mapambo mapya ambayo hukuyaomba.

Kompyuta nyingi za ofisi zetu hutumia programu kuu iitwayo Windows, ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Tangu Oktoba 2003, kampuni hiyo imekuwa ikitoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za huko magharibi mwa Marekani. Kwetu Arusha huwa ni saa mbili usiku, au saa tatu usiku katika miezi ya baridi ya kwao. Kompyuta zetu nyingi wakati huo zimezimwa. Jumatano zinapowashwa, huanza kupakua viraka kimyakimya huku watu wakiendelea na kazi. Mtandao huwa mzito, na hakuna ajuaye sababu.

Sasa tunaweza kueleza ile Alhamisi. Kompyuta ya zahanati ilipakua viraka Jumatano kutwa. Jioni ilitaka muda wa kuvishona. Mhudumu, akiwahi usafiri wa kumrudisha nyumbani, aliizima kwa swichi ya ukutani kama alivyozoea. Kazi iliyokatizwa jioni ikadai kumaliziwa asubuhi, mbele ya benchi lililojaa wagonjwa. Kila mmoja wetu aliilaumu kompyuta, kumbe sehemu ya lawama ilikuwa kwenye mazoea ya jioni.

Kwa nini tusizikatae kabisa?

Wapo wanaosema: “Mimi apdeti nimezizima zote, na kompyuta yangu inakwenda vizuri.” Hao tunawafananisha na mzazi asemaye kwamba mwanawe hajachanjwa surua na bado ni mzima. Ni mzima kwa sababu surua haijabisha hodi.

Zamani mwenye kompyuta aliachiwa aamue mwenyewe, na wengi hawakushughulika. Julai 2003 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja baya. Mwezi uliofuata, Agosti 2003, kirusi cha kompyuta kilichoitwa Blaster kilipita katika tundu lile lile na kuzikuta kompyuta nyingi mno ambazo hazijashonwa. Matukio ya namna hiyo ndiyo yaliyowafanya watengenezaji wachoke kuwabembeleza watu. Ilipotoka Windows 10 mwezi Julai 2015, kompyuta za nyumbani zilianza kujishona zenyewe, mwenyewe apende asipende. Hapo ndipo yalipozaliwa manung’uniko tunayoyasikia leo.

Mfano unaotugusa sisi wa ukurasa wa afya ni wa mwaka 2017. Tarehe 14 Machi mwaka huo kilitolewa kiraka cha tundu jingine. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, kirusi kiitwacho WannaCry kilienea katika nchi zipatazo 150. Kilifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili kuyafungua. Uingereza, nchi yenye huduma ya afya ya umma inayosifiwa sana, iliumia vibaya. Kati ya mashirika 236 ya hospitali za umma ya England, yapatayo 80 yaliathirika, pamoja na mamia ya vituo vya madaktari wa kawaida. Inakadiriwa kwamba miadi ya wagonjwa 19,000 ilivunjwa, na katika maeneo 5 wagonjwa wa dharura walilazimika kusafirishwa mbali zaidi kutafuta hospitali iliyo wazi. Kiraka kilikuwepo tangu Machi. Kompyuta zilizoanguka hazikuwa zimevishwa.

Kwa hiyo usumbufu wa saa moja ya apdeti ni kama homa ndogo ya mtoto baada ya chanjo. Inaudhi, lakini yanayozuiwa ni makubwa zaidi.

Lakini dawa nayo yaweza kudhuru

Tusiwe watu wa kutetea upande mmoja tu. Ijumaa tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilituma apdeti yenye kosa. Iliituma kwa wateja wengi kwa mpigo. Baada ya dakika 78 kosa liligunduliwa na apdeti ikaondolewa, lakini tayari kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zilikuwa zimeanguka, zikiwaka na kuzima, zikiwaka na kuzima. Nyingi hazikuweza kuponywa kutoka mbali. Ilibidi fundi aende kwenye kompyuta moja baada ya nyingine.

Siku hiyo ndege zaidi ya 5,000 zilifutwa duniani. Katika miji ya Lübeck na Kiel, Ujerumani, hospitali ya chuo kikuu iliahirisha upasuaji usio wa dharura. Madaktari wengi wa England walishindwa kufungua majalada ya wagonjwa, wakarudia kalamu na karatasi. Wala hakukuwa na adui aliyeshambulia. Ni waganga wenyewe walioteleza.

Fundisho ni mawili. Kwa watengenezaji: dawa mpya hupewa wachache kwanza, ikatazamwa, ndipo wapewe wengi. Kwa sisi watumiaji: hata kompyuta iliyotunzwa vema ina siku yake ya kuanguka, na siku hiyo mgonjwa atakuja vile vile.

Kwa nini kwetu huuma zaidi

Apdeti zimetungwa na watu wenye umeme usiokatika, intaneti isiyohesabiwa na kompyuta mpya. Hapa kwetu hali ni nyingine.

Intaneti yetu ni ya kununua kwa bando. Viraka vya mwezi mmoja vyaweza kufika mamia ya megabaiti, na apdeti kubwa ya mwaka huweza kupita gigabaiti tatu. Mwenye steshenari ya Ngarenaro aliyenunua bando la wiki aweza kulikuta limekwisha siku ya pili, hajafungua hata barua moja ya mteja. Zaidi ya hayo, mtandao wenyewe hupata ajali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Apdeti iliyofika nusu siku kama hiyo hubaki nusu.

Umeme nao ukikatika wakati kompyuta inajishona, programu yaweza kuharibika kiasi cha kukataa kuwaka kabisa. Ndiyo maana ile onyo ya “usizime” si ya kupuuzwa.

Tena kompyuta nyingi tunazotumia ni za mitumba. Hizi huwa na diski ya zamani inayozunguka, ambayo huchukua saa nzima kwa kazi ambayo diski mpya isiyozunguka huimaliza kwa dakika chache. Na kuna jambo ambalo wengi halijawafikia: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa viraka vya kawaida kwa Windows 10. Waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubaliki katika Windows 11. Maana yake ni kwamba ukimya wa kompyuta kuukuu, isiyosumbua tena kwa apdeti, si dalili ya afya. Ni kama kidonda kilichoacha kuuma kwa sababu nyama imekufa.

Hasira hufanya nini mwilini

Turudi kwa mzee aliyekuwa akifoka. Mtu akizuiwa kufanya jambo alilolikusudia, mwili wake hujiandaa kama anayekabili hatari. Moyo huenda mbio, mishipa hubana, presha hupanda, misuli ya shingo hukakamaa. Hayo yakipita upesi hayana madhara makubwa. Yakijirudia kila siku huleta maumivu ya kichwa, usingizi mbaya na ukali kwa wasiohusika.

Mwaka 2008 mtafiti Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya watu wanaokatizwa kazi. Waliona kwamba waliokatizwa walimaliza kazi yao hata kwa haraka zaidi, ila walilipa kwa msongo mkubwa zaidi na hisia ya kubanwa na muda. Kwa hiyo mhudumu aliyefidia saa iliyopotea kwa kukimbiza foleni hakuwa amepumzika. Alikuwa amebeba mzigo usioonekana, na mgonjwa wa mwisho wa siku ndiye huweza kukutana na mzigo huo.

Hapa tunatoa angalizo moja la kiafya. Mtu aliyetoka kugombana mapokezi asipimwe presha papo hapo. Akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishanisha, ndipo apimwe. Vinginevyo atapewa namba ya hasira yake, si namba ya ugonjwa wake.

Tufanye nini?

Tumekusanya mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi, ila mazoea mapya.

1. Jumatano jioni iwe siku ya kompyuta. Kila Jumatano inayofuata Jumanne ya pili ya mwezi, kazi ikiisha, kompyuta iachwe ijishone. Ukienda kuzima ukaona maneno “Update and shut down”, hayo ndiyo ya kuchagua. Yanamaanisha: jishone kisha ujizime. Alhamisi wahi dakika 20 kuiwasha, uone kama ina kiporo.

2. Usizime kwa swichi ya ukutani. Zima kwa kufuata utaratibu wa kompyuta, subiri taa izimike, ndipo ukate umeme.

3. Ieleze kompyuta saa zako za kazi. Katika mipangilio ya apdeti kuna sehemu iitwayo “Active hours”. Katika saa utakazoandika hapo, kompyuta haitajizima na kuwaka yenyewe. Aghalabu huwa imepangiwa kuanzia saa mbili asubuhi, wakati zahanati yenu hufungua saa moja na nusu. Lakini angalieni sana: kompyuta haijui saa za Kiswahili. Ukiandika 2 hadi 11 ukidhani ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, yenyewe itaelewa saa nane usiku hadi saa tano asubuhi. Saa moja na nusu asubuhi ni 7:30, saa kumi na moja jioni ni 17:00. Kama haipokei nusu saa, anza na 7:00.

4. Linda bando. Mtandao wa simu au modemu uwekewe alama ya “Metered connection”, yaani mtandao wa kuhesabiwa. Apdeti nyingi hazitapakuliwa zenyewe. Ila ukifanya hivyo ujue umejitwisha jukumu: mara moja kwa mwezi lazima uipeleke kompyuta penye intaneti ya kutosha, au ununue bando kwa kazi hiyo tu. Kuahirisha si kukataa. Windows yenyewe huruhusu kuahirisha kwa majuma kadhaa, hadi siku 35, basi.

5. Wenye kompyuta nyingi, kama shule, wamwombe fundi aruhusu kompyuta za mtandao mmoja zigawane apdeti. Moja ikipakua, nyingine huchota kwake, na bando halilipwi mara kumi.

6. Pateni kifaa cha betri kiitwacho UPS. Kompyuta ya mapokezi isiyo na betri yake isiachwe ijishone siku ya mvua kubwa za masika au siku umeme unapochezacheza.

7. Kabla ya kununua kompyuta ya mtumba muulizeni muuzaji maswali mawili: je, inakubali Windows 11? Je, diski yake ni ile isiyozunguka? Kama inakataa la kwanza, zipo programu kuu za bure kama Ubuntu, ambazo hupata viraka kwa miaka mingi na huenda vizuri katika kompyuta za zamani kidogo. Lakini kwanza fundi ahakikishe kwamba programu za kazi yenu hukubali kukaa humo.

8. Simu nazo zimo. Katika duka la programu za simu, chagueni kwamba apdeti zije kwa Wi-Fi tu. Na msipuuze kabisa: tangu Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu zenye Android ya 4, na familia zilizokuwa zikipata habari za mgonjwa wao kwa njia hiyo zilishtuka kukuta kimya.

9. Nakili kazi yako. Barua ya maombi, ripoti ya jumuiya, orodha ya watoto wa chanjo, vyote viwe na nakala mahali pengine kabla ya siku ya apdeti.

Karatasi bado ni dawa

Tumeacha jambo kubwa mwisho. Hata tukifuata yote tisa, ipo asubuhi ambayo kompyuta itagoma. Je, zahanati yenu inajua itafanya nini siku hiyo?

Nchi yetu ina utajiri ambao nchi nyingine zilikwisha kuutupa. Vitabu vya MTUHA, ambavyo wauguzi wetu wamevijaza tangu miaka ya 1990, huwaka bila umeme. Kadi ya kliniki ya mtoto na kadi ya mama mjamzito hukaa na mama mwenyewe. Humo mna uzito, chanjo, kundi la damu na tarehe za vipimo. Mama anayeitunza kadi hiyo ndani ya mfuko wa nailoni ana jalada lake mkononi, na hakuna apdeti iwezayo kulifunga.

Tunashauri kila kituo kiweke bahasha moja kubwa mapokezi. Ndani yake ziwepo fomu tupu za wagonjwa, kalamu mbili, na karatasi moja yenye maagizo: nani ataandika, namba za mgonjwa zitatolewaje, na nani ataziingiza kwenye kompyuta ikishafunguka. Kompyuta ikikaa dakika 10 bila kufunguka, bahasha ifunguliwe. Si saa nzima. Dakika 10. Masuala ya kuhakiki bima yafuate utaratibu ambao kituo kimekubaliana mapema, ili mgonjwa asiambiwe “rudi kesho” na mtu aliyetunga sheria hiyo dakika ile ile.

Nanyi mlioko kwenye benchi mna haki na wajibu wenu. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki, huyo hangoji foleni wala kompyuta. Simama, mwambie muuguzi kwa sauti ya adabu lakini inayosikika: “Mtoto wangu ana dalili ya hatari.” Vivyo hivyo kwa mtoto anayepumua haraka au ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta hewa. Kuhesabu pumzi, kupima joto, kupima malaria kwa kipimo cha haraka, kusikiliza kifua, hakuna hata kimoja kinachohitaji kompyuta.

Maswali mawili

Je, ni dhambi ya mhudumu kompyuta ikigoma? Hapana. Mhudumu wa mapokezi huwa ndiye mtu wa chini kabisa katika mlolongo unaoanzia kwa watengenezaji wa mbali. Kumfokea hakuongezi asilimia hata moja kwenye kioo. Badala yake uongozi wa kituo uulizwe kwa upole: Jumatano jioni nani hubaki na kompyuta?

Je, tumwachie fundi kila kitu? Fundi mzuri ni baraka, lakini yeye hayupo Alhamisi saa moja na nusu asubuhi. Mambo ya 1 hadi 3 hapo juu aweza kuyafanya mtu yeyote ajuaye kusoma.

Tulirudi katika zahanati ile baada ya miezi michache. Ukutani juu ya swichi palikuwa na kipande cha katoni kilichoandikwa kwa kalamu nene: “Jumatano usiniguse.” Bahasha ya kaki ilikuwa imening’inia pembeni kwa uzi. Mama yule tulimkuta amekuja na mtoto kupata chanjo, mtoto mnene, akivuta uzi wa ile bahasha kwa nguvu zote. Mhudumu alimwachia achezee kidogo, kisha akaisogeza juu kidogo, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, na mkono wa muuguzi unafika.